Kitenzi Kinachovuta Mkia

Mswahili akisema "namwogopa mbwa", habari yote iko ndani ya kitenzi. Kile kiambishi kidogo -mw- kimeshamshika mbwa, na mbwa mwenyewe hakuongezwa wala kupunguzwa kitu. Mhungaria husema félek a kutyától. Fél ni kuogopa, -ek ni mimi, kutya ni mbwa, na mkia -tól una maana ya "kutoka kwa". Kwao hofu hutoka kwa mbwa ikamjia mtu. Kama anaogopa dubu atasema medvétől: mkia ni uleule, ila umebadili irabu ili ulingane na za medve. Hilo lisitushangaze sisi tunaosema pigia lakini somea.

Jambo hili Wahungaria huliita vonzat, neno lililotokana na vonz, yaani kuvuta kama sumaku inavyovuta msumari. Kila kitenzi cha aina hii kina mkia wake kinaouvuta kwenye nomino. Ndiyo maana kamusi zao haziishii kwenye fél. Huandika fél vmitől, ambapo vmi ni ufupisho wa valami, "kitu fulani". Mwanafunzi aliyekariri fél pekee amenunua jembe bila mpini.

Mikia hiyo mingi ilianza kwa kazi ya mahali. Sisi hutumia -ni moja kwa safari zote: yuko nyumbani, ameingia nyumbani, ametoka nyumbani, kitenzi ndicho kinachoeleza mwendo. Mhungaria ana házban, házba na házból: ndani ya nyumba, kuingia ndani, kutoka ndani. Ana mitatu mingine ya juu ya kitu, na mitatu ya karibu na kitu. Jumla tisa. Vitenzi vya moyoni na kichwani vikaja kuazima humohumo. Kufikiria na kukumbuka vyote huchukua -ra au -re, "kwenda juu ya", kana kwamba wazo ni ndege anayetua. Kutegemea ni függ, ambacho maana yake ya kwanza ni kuning'inia, nacho huchukua -tól. Kusaidia huchukua -nak au -nek, mkia wa anayepewa. Hapo sisi tungepeleka kazi kwenye kitenzi: andika, andikia, kimbia, kimbilia. Anayemkimbia simba na anayemkimbilia simba wametofautiana kwa silabi moja, na simba hana habari.

Mikia yenyewe haikuzaliwa mikia. Mwaka 1055 mfalme András wa Kwanza alianzisha abasia ya Tihany, kando ya ziwa Balaton. Hati yake iliandikwa kwa Kilatini, lakini katika kutaja mipaka ya mashamba mwandishi alichomeka maneno ya Kihungaria, na humo imo njia iendayo Fehérvár. Leo mtu angeandika Fehérvárra, neno moja. Mwandishi yule aliandika rea peke yake, baada ya jina la mji. Kiambishi kilikuwa bado ni neno linalotembea kwa miguu yake.

Mikia ya ndani ina asili ya kuchekesha zaidi. Familia nzima ya -ban, -ba na -ból imetokana na bél, yaani utumbo. Kwa hiyo anayesema szerelmes vagyok beléd, "nimekupenda", kwa asili ya maneno amejitosa matumboni mwa mpenzi wake. Kabla hatujacheka sana: mwaka 1994 Ridder Samsom na Thilo Schadeberg waliandika makala, tena kwa Kiswahili, wakitoa hoja kwamba -ni yetu ya mahali imetokana na ini. Mimi hoja hiyo inanivutia. Lugha ambayo maneno makali hukata maini haioni ajabu kufanya ini kuwa jina la kila kilicho ndani.

Tazama sasa kitenzi kimoja kikifanya kazi. Szokik ni kuzoea. Ukikitangulizia hozzá, kinavuta -hoz, "kwenda kwa": umezoea baridi ya Budapest. Ukikitangulizia rá, kinavuta -ra: rászokik a cigarettára, uraibu umekunasa. Tanguliza le, "chini", na mkia unageuka -ról, "kutoka juu ya": leszokik a cigarettáról, umeacha sigara, umeteremka kutoka juu yake. Hapa hakuna haja ya kukariri, kwa sababu kitangulizi na mkia ni ndugu wanaoitana. Shida ni kwa vile visivyo na kitangulizi, kama fél. Hivyo mtu hukaa navyo tu mpaka sikio likubali.

Kungoja, vár, kina njia mbili. Ya kwanza huenda na -ra, na anayengojwa akiwa "wewe" mkia hurudi kuwa neno kamili, kama mwaka 1055: várok rád. Ya pili ni várlak, neno moja, na -lak hiyo imebeba "mimi" na "wewe" kwa pamoja, bila nomino wala mkia wa mahali. Sisi tungesema nakungoja.