Umri wa barafu ya Kilimanjaro: hesabu iliyosimama kwa mguu mmoja

Januari na Februari 2000, kikosi cha Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kilichoronga nguzo sita za barafu juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Tatu zilitoka kwenye barafu ya Kaskazini, mbili Kusini, na moja, fupi kuliko zote, kwenye barafu ya Furtwängler, ambayo tayari ilikuwa imelowa maji. Nguzo ndefu kupita zote ilikuwa ya mita 50.9 na ilifika hadi kwenye mwamba. Wapagazi walipandisha mitambo, na barafu ikasafirishwa ikiwa imeganda mpaka chuoni kwao Columbus. Oktoba 2002 jarida la Science likachapisha matokeo: barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700 hivi.

Habari za kupanda na kushuka zimesimuliwa vya kutosha. Kwangu mimi, kisa chenyewe kimo katika hiyo namba 11,700, na namna ilivyopatikana.

Greenland mambo ni mepesi kidogo. Theluji huanguka kila mwaka, majira hutofautiana, na mtaalamu huhesabu tabaka moja baada ya jingine akirudi nyuma. Kibo hakuruhusu hesabu hiyo. Huku kuna masika na kuna vuli, na kati yake kuna jua kali la kilele na upepo mkavu unaogeuza barafu kuwa mvuke bila hata kuiyeyusha. Mwaka wa ukame hauachi tabaka lake; hula lile la mwaka uliotangulia. Anayehesabu hawezi kujua kurasa ngapi zimechanwa.

Kwa hiyo walitafuta alama za kushikia. Juu waliipata moja nzuri: klorini-36, iliyotawanywa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hiyo haina ubishi. Chini hapakuwa na alama ya namna hiyo, wala mabaki ya mimea ya kutosha kupimwa kwa kaboni-14. Hapo ndipo walipogeukia oksijeni. Maji yana oksijeni nyepesi na oksijeni nzito, na uwiano wake katika barafu hubadilika kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Kikosi kilichora mchoro wa uwiano huo kutoka juu hadi chini ya nguzo, kikaulinganisha na mchoro wa miamba ya pango la Soreq, Israeli, ambayo umri wake unajulikana kwa kipimo cha urani na thori. Mabonde na vilele vya mchoro mmoja vilipolingana na vya mwingine, umri wa pango ukahamishiwa kwenye barafu.

Ni mbinu halali, na hutumika kwingi. Lakini ina sharti gumu: lazima uamini kwanza kwamba mvua za Kilimanjaro na za pwani ya Mediterania zilipanda na kushuka pamoja. Ukishaamini hivyo ili kupata tarehe, huwezi tena kuzitumia tarehe hizohizo kuthibitisha kwamba ukame wa huku ulikwenda sambamba na wa kule. Utakuwa unazunguka mti uleule.

Kemia, kwa upande wake, ni imara zaidi kuliko kalenda. Katika sehemu ya nguzo waliyoipa umri wa miaka 8,300, floraidi na sodiamu zinapanda ghafla. Mtu wa Arusha haoni ajabu: maji ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi. Ziwa likikauka, upepo huchukua chumvi ya sakafu yake na kuipeleka mlimani. Juu zaidi kuna tabaka la vumbi la milimita 30 hivi, ambalo kikosi kililisoma kuwa ukame wa karne tatu, miaka 4,000 iliyopita. Kwamba maziwa yalikauka na vumbi likapanda, hilo naliamini. Lini hasa, hapo ndipo penye shaka.

Shaka hiyo waliipa nguvu wataalamu wa barafu, wakiwamo Georg Kaser wa Innsbruck na Thomas Mölg, pamoja na Douglas Hardy wa Massachusetts aliyeweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya Kaskazini mwaka 2000. Walitazama umbo. Barafu ya kileleni imekaa juu ya tambarare na kingo zake ni kuta wima. Ukuta wa namna hiyo hupigwa na jua na kurudi nyuma. Hauna njia ya kusonga mbele tena. Mwaka 2010 wakaandika kwamba barafu ya Kibo huenda iliwahi kutoweka na kuzaliwa upya katika kipindi hiki cha miaka 11,700. Nami naongeza swali la kawaida tu: barafu ya mita 50 iliuvukaje ukame wa miaka 300, ilhali tunaiona ikipungua kwa kasi ndani ya karne moja? Kutoka kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilibaki 2.6 mwaka 2000.

Jibu la tarehe linapatikana chini ya mlima huohuo. Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ni shimo la volkano lenye kilomita za mraba 4.2 na kina cha zaidi ya mita 90. Chini kabisa maji hayana oksijeni, hivyo hakuna mdudu wa kuchimbua tope, na matabaka hubaki kama yalivyotua. Wakati wa kipupwe chenye ukavu na upepo, maji huchanganyika na mwani wa diatomu hustawi. Maganda yake ya silika huacha utando mweupe. Msimu wa mvua huacha utando mweusi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Watafiti hawakukisia hilo: walitega mitego ziwani ikakusanya tope mwezi baada ya mwezi, wakaona lipi linatua lini.

Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake walitoa tope la miaka 25,000 mwaka 2003 na 2005, wakalipima kwa zaidi ya vipimo 150 vya kaboni-14. Hata huku kuna mtego: maji ya chini ya ardhi huleta kaboni ya zamani, tope likaonekana kuukuu kuliko lilivyo. Ila kosa hilo linaweza kupimwa na kusahihishwa. Mwaka 2016 wakarudi na mtambo mkubwa, wakashuka zaidi ya mita 200 ndani ya tope, kiasi cha miaka 250,000.

Makala ya 2002 ilitabiri pia kwamba barafu ya Kibo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yake yapo, ingawa yanaendelea kusinyaa. Utabiri huo ulikosea tarehe, na sishangai, kwa kuwa tarehe ndizo zilizokuwa udhaifu wa kazi nzima. Uchorongaji wenyewe ulistahili kila jasho la wapagazi wale: barafu ya Furtwängler ya 2000 haiwezi kuchorongwa tena. Anayetaka kujua ukame wa kale ulipiga mwaka gani, asome tope la Chala kwanza.