Muto wa vipande vya kitenge: tuusifu ao tuuhurumie?

Hapa kwetu Beni, fundi wa nguo hatupi kipande. Akimaliza kukata kitenge, masalio anaweka ku mufuko kando ya mashini, na mule munatoka kifuniko cha mutoto, kitambaa cha meza, ao muto wa kiti cha saloni. Kazi hiyo sisi wote tunaijua, lakini hatuichunguzi. Tukiona muto wa vipande, tunasemaka tu: « Ni muzuri », tunalipa, tunaenda. Sifa ya namna hiyo inaumiza wenye kushona.

Sababu iko wazi. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, familia nyingi zilikimbilia mujini, na wamama wengi na wasichana walitafuta maisha ku sindano. Muto wa vipande unafaa kwa mwenye kuanza, maana kitambaa chake hakina bei kubwa. Lakini mununuzi anatazama mateso ya mama, hatazami mushono. Anatoa pesa juu ya huruma, mara moja, kisha harudi. Basi tuutazame muto huo sawa vile tunasahihishaka kazi ya mwanafunzi.

Kwanza, vipimo. Kipande cha sentimetre 12 kila upande, ukiacha sentimetre 1 ya kushonea pande zote, kinabaki 10. Vipande 16, ine kwa ine, vinatoa muto wa 40 kwa 40. Mwenye kukata kwa macho tu, pembe zake hazikutani. Anavuta kitambaa kwa nguvu, na muto unapinda.

Pili, kitambaa. Kitenge kipya chenye hakijafuliwa kinaweza kurudi mu maji, na rangi yake kuchafua kipande cheupe cha jirani. Vipande vyote vifuliwe mbele ya kukatwa.

Tatu, tabaka. Kazi ya kweli iko na tabaka tatu: vipande juu, kitambaa kizito katikati, shuka nzee chini, na mushono unaopita zote tatu. Wengine wanaruka hatua hii, wanajaza tu mabaki ya matela. Mutu akiukalia muto huo, uzito wote unavuta mishono ya vipande, inafunguka.

Ine, mupango, na hapa njo tunatambua fundi. Rangi nyingi si mupango. Kipande cheusi kinahitaji cheupe kando yake, na ua kubwa la kitenge likikatwa bila kufikiri linakuwa doa tu. Kitenge cha 8 Machi, cha kwaya ao cha jubile kinachunga kumbukumbu ya jamaa. Kipewe nafasi yake. Lakini zile sura za wakubwa zenye kuchapwa ku vitenge, fundi azitoe: nani atakalia uso wa askofu?

Watu wa mbali wanachukua kazi hii kwa uzito. Kule Karnataka, Uhindi, wanawake Wasiddi, wenye mababu walitoka Afrika, wanashona kwa mukono kifuniko kinachoitwa kawandi. Wanaanzia pembeni, wanazunguka mupaka katikati, na hawaoni kazi imekamilika bila kuweka « phula », ni kusema ua, ku kila pembe. Na kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi maskini walishona vifuniko kwa nguo za kazi zenye kuchakaa. Mwaka 2002 vilionyeshwa mu jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney Museum, New York. Watu walisifu mupango wa rangi na mistari, si umaskini wa washonaji.

Kwa hiyo, ku soko tugeuze muto, tutazame mushono wa ndani, tuuvute kidogo, tuulize kama kitambaa kilifuliwa. Kasoro tumwambie mama kwa heshima. Na kazi ikiwa nzuri, tusibishanie bei: tulipe fundi, si mukimbizi.