Mikono Iliyoiendesha Milima

Wakutanishe wapenzi wawili wa reli za zamani hapa Nairobi, na kabla chai haijapoa watakuwa wameshafika kwenye injini za daraja la 59. Ni vile vichwa 34 vya mvuke ambavyo Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliviagiza kwa Beyer, Peacock wa Manchester, vikaundwa mwaka 1955 na 1956, vikapakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima ya nchi zetu tatu. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252. Njia yenyewe ina upana wa mita moja tu, na boila lililokaa juu yake lilikuwa na kipenyo kinachozidi mara mbili ya upana huo. Katika njia zote za mita moja duniani, hapakuwa na kichwa cha mvuke cha kushindana navyo kwa nguvu.

Takwimu hizo husimuliwa sana, na zinastahili. Lakini nikisimama mbele ya 5918, Mount Gelai, au 5930, Mount Shengena, pale Makumbusho ya Reli, moyo wangu hauko kwenye chuma. Uko kwa watu wawili, dereva na fayamani wake mtunza moto, waliosimama ndani ya kile chumba cha dereva, usiku, nyuma yao mzigo wa tani 1,200, mbele yao Nairobi, juu zaidi ya mita 1,600 kutoka bahari waliyoiacha Mombasa. Chuma kimebaki. Ufundi wao uliondoka nao.

Wengi humdhania fayamani kuwa mtu wa koleo na makaa. Kwenye 59 hapakuwa na makaa. Moto ulikuwa wa mafuta mazito, yakipulizwa na mvuke hadi yakaingia tanurini kama ukungu. Mgongo ulipumzika, jicho halikupumzika. Mkono ulikaa kwenye vali ya mafuta, macho kwenye dohani. Moshi mweusi ukitoka, mafuta yameizidi hewa: fedha inateketea na masizi yanaziba mirija ya boila. Dohani isipoonyesha kitu kabisa, huenda hewa imezidi na inaupoza moto. Fayamani hodari alitaka utando mwembamba wa kijivu, na kila mara dereva alipoongeza au kupunguza mvuke, ilimbidi autafute upya. Masizi yakishakuwa mengi, alichota mchanga, akangoja injini ivute kwa nguvu, akauingiza tanurini. Mvuto wa hewa ukaupitisha kwenye mirija, ukaikwangua, na wingu jeusi likapanda juu ya nyika. Asiyejua angesema injini imeharibika. Kumbe ndiyo inaoga.

Kisha maji. Paa la tanuri lazima lifunikwe na maji muda wote. Likibaki kavu, chuma hulainika na boila linaweza kulipuka. Kioo cha maji kipo mbele ya fayamani, ila husema kweli njia ikiwa tambarare. Kichwa kikipanda mwinuko, maji hurudi nyuma upande wa tanuri, na kioo kinaonyesha neema isiyokuwepo. Kikivuka kilele na kuanza kuteremka, maji hayo hayo hukimbilia mbele na kuliacha paa hatarini. Kwa hiyo ilibidi aongeze maji kabla ya kilele, lakini si mapema mno, maana maji mengi ya baridi huushusha mvuke ambao dereva angali anauhitaji. Hapakuwa na kipimo cha kumwambia ni lini. Alijua kwa kuwa Mazeras alishaipita mara nyingi gizani, na Mtito Andei, na Makindu, na Ulu.

Dereva naye alikuwa na injini mbili chini ya boila moja. Herbert William Garratt, Mwingereza aliyepata hataza ya ubunifu huo mwaka 1907, alilitundika boila katikati na kuweka injini moja mbele, nyingine nyuma, kila moja na silinda zake, ili ziweze kujipinda kwenye kona. Magurudumu ya injini hizo hayakufungwa pamoja. Kila moja ilikwenda kwa mwendo wake. Ndiyo maana mlio wa 59 haufanani na mwingine: mishindo ya pande mbili hukutana ikawa mmoja mzito, taratibu ikaachana, ikapishana, ikakutana tena. Sisi wapenzi huusikiliza kwa raha. Dereva aliusikiliza kama tabibu anavyosikiliza kifua. Tangi la mbele likipungua maji, injini ya mbele inakuwa nyepesi, na reli ikiwa na umande magurudumu yake huanza kuteleza. Mlio huvurugika ghafla. Papo hapo alipunguza mvuke, akaachia mchanga relini, akaurudisha mvuke kidogo kidogo, asije akaikata treni kwa mshtuko. Hili kwangu ni kubwa kuliko tani zote 252.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kufikia 1980 dizeli ilikuwa imeshika kazi ya 59. Tangu hapo tumejitahidi. Tunazo picha, tunazo orodha za namba na majina. Wako hata wanaofuata tuta la reli ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza, wakitafuta mataruma chini ya vichaka. Kazi njema yote. Ila namba ya kichwa imeandikwa ubavuni, itasomwa hata miaka hamsini ijayo. Mafayamani wa 59 waliobaki ni wazee sana. Ukimpata mmoja, usimuulize kichwa chake kilikuwa na kasi gani. Mpe kiti, kisha muulize alikuwa akirusha mchanga wakati gani, na kwa nini wakati ule.