Waridi Hufia Njiani

Mawaridi yakiinamisha vichwa siku ya pili, mnunuzi humlaumu mchuuzi. Kwa wachuuzi wa City Market, kwenye barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi, lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Ufungaji wao ni kazi ya kitaalamu. Madhara hutokea baadaye, kati ya ndoo ya mchuuzi na meza ya mnunuzi.

Ua lililokatwa lingali hai. Linapumua, linatumia sukari iliyobaki kwenye bua, na majani yake yanaendelea kutoa maji. Joto likipanda, hayo yote huenda mbio. Ndiyo sababu mashamba ya Naivasha huyaingiza mawaridi kwenye chumba cha baridi mara yanapovunwa, kisha huyapeleka kwa malori yenye majokofu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, yakielekea Uholanzi na kwingineko. Joto linalotakiwa ni nyuzi 2 hadi 4 hivi. Waridi linalouzwa mjini halina jokofu. Lina ndoo ya maji, kivuli na gazeti.

Gazeti hilo lisidharauliwe. Mchuuzi hulikunja mfano wa pembe, likapanda hadi juu ya vichwa vya maua, akalikaza chini kwa uzi. Upepo haukaushi tena majani, petali hazikwaruzani, na unyevu unaozidi unapata pa kutokea. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na maua hayakupoteza chochote: ndani ya plastiki iliyofungwa unyevu hugeuka matone, na kuvu ya kijivu huanza kula petali.

Sasa maua yamepanda matatu. Bua likiwa nje ya maji, mishipa yake midogo huvuta hewa pale lilipokatwa, na hewa hiyo huziba njia ya maji. Hata ukilitia kwenye chombo kilichojaa, shingo ya ua hubaki na kiu. Dawa yake ni ndogo: mwombe mchuuzi akuzungushie pamba au karatasi iliyolowa kwenye ncha za mabua. Kaa upande usiopigwa na jua, dirisha likiwa limefungwa kiasi. Mwenye gari asiyaache ndani akaingia dukani. Gari lililofungwa juani huwa tanuri.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la kikapu. Ndizi mbivu, maembe na maparachichi hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha matunda, na maua huipokea kama amri ya kuzeeka. Karnesheni huathirika vibaya kabisa. Matunda yabebwe mkono wa pili.

Ukifika nyumbani, kata sentimita 2 au 3 za bua kwa mshazari, kwa kisu kikali, ikiwezekana ndani ya maji. Ondoa majani yatakayozama, kwani yakioza hulisha bakteria wanaoziba mishipa. Wanaotia sukari peke yake huwalisha bakteria hao hao. Na kama shingo imekwisha kuinama, kata upya, kisha lilaze waridi zima majini kwa saa moja, mengi huinuka.

Basi Jumamosi ijayo nunua mboga kwanza, matunda baadaye, na maua mwisho kabisa, ukiwa tayari kwenda kupanda gari.