Michezo ya Piano ya György Kurtág

Mwaka 1973 György Kurtág, mtungaji wa muziki Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1926, alianza kutunga vipande vifupi vya piano, akaviita Játékok, yaani Michezo. Vitabu vya kwanza vilitoka mwaka 1979, na vitatu vya mwanzo ni vya mpigaji mmoja.

Nia yake ya asili ilikuwa mtoto akutane na piano bila hofu. Kwa hiyo mtoto hafungwi na vidole peke yake. Hupiga kwa viganja, kwa ngumi, hata kwa viwiko, na kutelezesha mkono juu ya vibao. Msomaji asidhani kuwa hiyo ni fujo. Katika kipande cha kumheshimu Tchaikovsky, yale mafungu mazito ya sauti yasikikayo mwanzoni mwa konserto yake ya kwanza ya piano hupigwa kwa viganja. Mzaha ni mkubwa, lakini mwendo wa mkono ni ule ule wa bingwa.

Kinyume chake ni kipande kinachomfananisha binadamu na ua, chenye noti saba tu. Hapo hapana pa kujificha: noti moja ikiharakishwa, maana yote imevunjika.

Ila moja naiona. Vipande vingi vimetungwa kwa heshima ya watu maalumu, na asiyewajua aghalabu huachwa mlangoni. Hata hivyo, vilivyo bora havihitaji kuelezwa. Ufupi wao si upungufu. Ni ufupi wa methali, ambayo uchache wa maneno ndio nguvu yake.