DHIS2 Bukavu: kwa nini kompyuta iliishia ofisi ya zoni

Bukavu ina zoni tatu za afya: Ibanda, Kadutu na Bagira. Mkoa mzima wa Kivu Kusini una 34. Kila mwezi vituo vya zoni hizo hutoa hesabu za malaria, chanjo na uzazi, nazo huishia ndani ya DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara ya afya ya Kongo kwa takwimu za taifa. Kwa kawaida huendeshwa kwenye seva ya Linux yenye hifadhidata ya PostgreSQL, na leseni yake haidai malipo.

Uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa mahali pa kuiweka kompyuta. Vituo vingi havina umeme wa kutegemewa, kwa hiyo muuguzi hujaza kanevasi, yaani fomu ya mwezi, kwa kalamu akitazama rejista. Karatasi hupelekwa ofisi kuu ya zoni, na huko ndiko tarakimu huingizwa. Kwa njia hiyo mashine, mafunzo na gharama za mtandao vinahitajika zonini, badala ya kila kituo.

Ofisi za zoni huingiza tarakimu kwenye seva moja kupitia mtandao, na njia hiyo ilikwisha kujaribiwa Kenya. Mwaka 2010, kabla ya majaribio ya mkoani Pwani, mpango ulikuwa DHIS2 isimikwe kwenye kompyuta za ofisi mbalimbali, na kila moja ingehitaji kuangaliwa. Badala yake, mwaka 2011 Kenya ikaeneza matumizi ya seva moja ya taifa inayofikiwa kwa modemu za simu. Marekebisho yakawa yanafanywa mara moja na kuonekana kila wilaya.

Seva moja, lakini, huwa na maana tu ikiwa mtandao upo. Dawa ya mtandao unaokatika ni kivinjari chenyewe: fomu ikishafunguka, tarakimu zinaweza kukaa kwenye kompyuta ya ofisi mpaka mtandao urudi, kisha zikapakiwa. Hatari ipo pia. Mtu akifuta kumbukumbu za kivinjari kabla ya kupakia, kazi ya siku nzima imepotea.

Ndani ya fomu kuna kanuni za uhakiki. Waliokutwa na malaria wakizidi waliopimwa, programu hutoa onyo. Sifuri nayo ina mtego: DHIS2, isipoelekezwa vingine, haihifadhi sifuri. Ndiyo sababu kitufe cha kuthibitisha kwamba fomu imekamilika kina uzito. Bila uthibitisho huo, kituo kisicho na mgonjwa na kituo kisicholeta ripoti hufanana kwenye jedwali. Grafu nazo hutegemea majedwali yanayojengwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku, hivyo kilichoingizwa mchana kinaweza kuonekana kesho yake.

Udhaifu wa mfumo unaanzia kwenye karatasi. Uhakiki hugundua tarakimu zinazopingana. Hauwezi kugundua rejista iliyojazwa kwa kukisia, wala karatasi iliyokwama njiani kwa sababu ya vita au mvua. Leseni ya bure nayo hailipi bando, mafuta ya jenereta wala mshahara wa anayeingiza data.

Kwa watengenezaji programu wa Kivu, somo ni la mpangilio wa kazi. Kabla ya kuandika msimbo, wajue karatasi inapita wapi, mtandao hukatika kwa muda gani, na nani atabaki na nakala ukikatika. Majibu hayo ndiyo yataonyesha kompyuta iwekwe wapi.