Asiyesema "Ni Malaria" Mpaka Aione

Homa ikipanda, wengi wetu tunalo jibu tayari: malaria. Jirani kashasema, muuza dawa kashasema, mgonjwa naye ameshakubali. Anayesubiri ushahidi ni mtaalamu wa maabara.

Anatoboa kidole, anapaka tone la damu kwenye kioo, analiacha likauke, analimwagia rangi ya Giemsa, kisha anasuuza taratibu damu isibanduke. Anadondosha mafuta, anainamia hadubini. Eneo la kwanza halina kimelea, anasogeza kioo. La kumi, anasogeza tena. Hasemi "hakuna" kabla ya kukagua walau maeneo 100. Foleni inanung'unika, shingo inauma, macho yanachoka, na kioo kingine kinasubiri.

Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani linasisitiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Agizo hilo limebebwa na macho ya watu hawa. Mtoto ambaye homa yake ni ya nimonia, si ya malaria, hupata dawa inayomfaa kwa sababu kuna mtu nyuma ya mlango wa maabara aliyekataa kukisia. Sura yake hatuijui. Shukrani zetu bado anatudai.